Osce ya Uingereza: mkono unajua, mdomo unasahau

Wauguzi wa huku Pwani wanaonipigia simu kuhusu kazi Uingereza huuliza habari za viza na mtihani wa Kiingereza. Wachache sana huuliza kuhusu Osce, na hiyo ndiyo iliyoniangusha mimi.

Muuguzi aliyesomea nje hupimwa mara mbili na baraza la wauguzi na wakunga la kule, NMC, kabla ya kusajiliwa. Mtihani wa kwanza ni wa kompyuta, hesabu za dawa zikiwemo, na unaweza kuufanyia hapa Kenya. Wa pili ni Osce, mtihani wa vitendo, ambao hufanyiwa huko huko Uingereza.

Una stesheni 10. Nne zinahusu huduma ya mgonjwa mmoja kwa hatua: kumpima, kupanga huduma, kumpa dawa, kisha kutathmini. Nne nyingine ni kazi za mikono, kama kudunga sindano ya msuli, kufunga kidonda, kutoa mpira wa mkojo au kufufua mtu ambaye moyo umesimama. Mbili zilizobaki ni za kuandika tu.

Nilikuwa na miaka tisa wodini. Kwenye stesheni ya dawa nilisoma chati, nikaona mzio haukuandikwa, nikatoa vidonge. Sikumuuliza mgonjwa mwenyewe kama kuna dawa inayomdhuru. Nikafeli hapo hapo. Si kwamba sikujua. Zamu ya usiku ukiwa peke yako na wodi imejaa, unazoea kuangalia kwa jicho na kupita.

Mtahini hawezi kukupa alama kwa lililo kichwani mwako. Unaponawa mikono, sema. Unapouliza jina na tarehe ya kuzaliwa, linganisha na mkanda wa mkononi huku ukisema. Dawa imepita muda wake au la, soma tarehe kwa sauti. Mwanzoni utajiona kama mwendawazimu.

Jambo jingine linalowasumbua wetu ni chati ya NEWS2. Inatoa alama kwa kasi ya kupumua, oksijeni ya damu, kama mgonjwa amewekewa oksijeni, shinikizo la damu, mapigo, fahamu na joto. Jumla ikifika 5, mgonjwa aonwe haraka; ikifika 7, ni dharura. Pumzi hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha kwa mbili.

Anza mazoezi kabla ya kupanda ndege. Mlaze ndugu yako kitandani awe mgonjwa, mwingine ashike saa na karatasi ya vigezo. Mitihani ya mfano na vigezo vya alama vimewekwa bure mtandaoni na vituo vinavyotahini, kwa hivyo wakala anayekuuzia mafaili hayo anakula pesa zako bure.

Nilipofanya mimi, ada ilikuwa pauni 794. Aliyefeli stesheni saba au chini hurudia hizo tu, kwa nusu ya ada, na ombi moja lina nafasi tatu. Basi kabla ya kutia sahihi mkataba, muulize mwajiri wako, na akujibu kwa maandishi: atakupa wiki ngapi za mafunzo ya vitendo, na ukirudia, nani analipa?