Historia ya Matunzo ya Baiskeli ya Umeme

Chombo kipya kinapotokea, watu husifu mbio zake na kumtaja aliyekibuni. Kazi ya mikono inayokidumisha husahauliwa. Baiskeli ya umeme ni mfano mwema wa jambo hili. Matunzo yake hayakuzaliwa siku moja. Kila uvumbuzi uliouunda mwili wake ulileta raha, na pamoja na raha ukaleta wajibu.

Katika mwaka 1885 John Kemp Starley wa Uingereza alitoa baiskeli aliyoiita Rover, ambayo mnyororo wake uliendesha gurudumu la nyuma. Tangu hapo mpanda baiskeli amelazimika kufuta vumbi na kutia mafuta. Katika mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alipata hati ya uvumbuzi wa tairi la upepo. Mwendo ukawa laini, lakini pampu na kiraka vikawa wenzi wa safari.

Umeme ulifuata upesi. Tarehe 31 Desemba 1895 Ogden Bolton, wa jimbo la Ohio nchini Marekani, alipewa hati ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma na betri ya volti 10. Wazo lilikuwa zuri, ila betri za zama zile zilikuwa mzigo. Betri ya risasi na tindikali, aliyoianzisha Gaston Planté wa Ufaransa mwaka 1859, ilikuwa nzito, nayo ilidai utumishi: kuongezwa maji safi yasiyo na chumvi, na kutoachwa bila umeme, maana bamba zake hufunikwa na ukoko mgumu zikafa. Haishangazi kwamba baiskeli ya umeme ilikaa miaka mingi pembeni.

Mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ilianza kuuza nchini Japani baiskeli iliyopima nguvu za miguu na kuziongezea nguvu za mota. Betri ya lithiamu, ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, baadaye ikaenea katika vyombo hivi, na desturi ya matunzo ikageuka. Betri ya risasi ilitaka kunyweshwa. Ya lithiamu hukimbia maji na jua kali. Hutaka chaja iliyotengenezewa, na ikiwekwa miezi mingi bila kazi, hufaa ibakiwe na karibu nusu ya umeme wake. Ikivimba au ikipasuka, isitumiwe tena, kwani moto wake ni mgumu kuzimika na umeua watu majumbani.

Hata hivyo wajibu wa kale haukuondoka. Mota na betri huongeza uzito, kwa hiyo raba za breki na tairi huchakaa mapema, na mnyororo huvutwa kwa nguvu zaidi. Chombo husafishwa kwa kitambaa chenye unyevu, si kwa maji ya kusukumwa kwa nguvu, yasije yakapenya katika mota.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanahistoria wa vyombo asiishie kwa Starley, Dunlop na Bolton. Uvumbuzi wao ulidumu kwa kuwa watu wasiotajwa katika hati yoyote walishika pampu, kopo la mafuta na kitambaa, siku baada ya siku.