Nani Alichagua Baruti?

Sote tuliokaa darasa la historia tunalikumbuka jibu lile: Waafrika walishindwa kwa sababu walikuwa na silaha duni. Ukiandika hivyo unapata alama zako mbili, unageuza ukurasa. Mimi naomba leo tusigeuze. Duni kwa nini? Bunduki zilikuwepo tele. Miaka ya 1880 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la bunduki. Zilipanda bara na kila msafara, na misafara ikirudi ilishusha pembe za ndovu. Wanyamwezi walikuwa nazo, Wamakua walikuwa nazo, na walijua kulenga. Ukitaka kuujua uduni huo ulitoka wapi, lazima ufungue bunduki yenyewe uchungulie kilichomo ndani, yaani baruti.

Tuanze na ile nyeusi. Ni mchanganyiko wa shura sehemu 75, makaa sehemu 15 na kiberiti sehemu 10. Ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa ya kusukuma risasi; inabaki moshi na masizi. Kwa hiyo mwindaji wa gobori akishafyatua, mbele yake ni wingu tupu, na ndovu aliyejeruhiwa anajua wingu limetoka wapi. Halafu aanze upya: kumimina baruti mdomoni mwa mtutu, kutia risasi, kushindilia kwa mdeki, kuweka fataki. Si mchezo, bwana. Kamusi za zamani zinalipa neno “kiasi” maana ya kipimo, na pia maana ya risasi pamoja na baruti yake. Sisi waandishi tungelirudisha neno hilo. Aliyelitunga alijua kwamba kupima ndiko kazi yenyewe.

Wakati ule Mzungu naye alikuwa katika moshi huo huo. Frederick Selous, ambaye jina lake lilipewa pori kubwa la akiba la Tanzania, alipoanza kuwinda ndovu kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1870 alitumia magobori ya “bore 4”, maana yake risasi nne za mviringo za mtutu huo zinatimiza ratili moja. Baruti yake ilikuwa ya biashara, ile ile ya bei poa waliyouziwa wenyeji. Aliibeba ndani ya mfuko wa ngozi ubavuni akaichota kwa mkono, konzi moja kwa mlio mmoja, takriban gramu 35. Katika kitabu chake cha mwaka 1881 analalamika kwamba mateke ya bunduki hizo yalimharibu mishipa ya fahamu. Sasa niambie, hapo mwenye silaha duni ni nani?

Mambo yalibadilika mwaka 1884. Mkemia wa Kifaransa, Paul Vieille, alipata njia ya kuituliza pamba iliyotiwa asidi ya naitriki, akaifanya rojo, akaikata vipande vidogo. Hii ikawa baruti isiyo na moshi mwingi, yenye nguvu inayoizidi nyeusi mara kadhaa. Mwaka 1887 Alfred Nobel alileta ya kwake yenye nitrogliserini, na mwaka 1889 Waingereza Abel na Dewar wakatoa kordaiti: nitrogliserini asilimia 58, pamba ya baruti 37, na vaselini 5. Ndiyo, vaselini, ndugu yake ile ya kupaka miguuni. Rojo hilo lilisukumwa kwenye matundu likatoka kama tambi, na tambi hizo zikafungwa ndani ya ganda la risasi.

Mwaka mmoja tu baada ya kordaiti, tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Shuleni tunaambiwa ulikuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli. Lakini ndani yake kuna vifungu vya silaha. Kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa na risasi zake zilipigwa marufuku. Kikaachwa kijidirisha: gumegume lisilo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Msafiri mwenye kibali cha serikali yake, huyo angeweza kuingia na bunduki yake nzuri. Sultani wa Zanzibar naye yumo miongoni mwa waliotia saini. Sababu ya utumwa siipuuzi, maana bunduki ziliteka watu wengi. Ila miaka miwili kabla ya hapo, balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikwisha kuonya serikali yake kwamba bara hili halitatawalika ikiwa watu wake watashika bunduki bora. Unganisha mwenyewe.

Basi hapo ndipo “duni” ilipoandikwa, kwa wino, na mezani. Kila mtu akachaguliwa baruti yake kwa mujibu wa rangi na kibali. Mwaka 1898 John Rigby wa London alitoa risasi ya .450 Nitro Express, iliyorusha gramu 31 za risasi kwa mita 655 hivi kwa sekunde, na ikamweka mwindaji wa kizungu katika dunia nyingine kabisa. Miaka saba baadaye, mwaka 1905, wazee wetu waliingia Vita vya Maji Maji na magobori yao.

Lakini usidhani aliyekuwa na kordaiti alistarehe. Baruti mpya ilikuwa na maringo. Kanuni yake ni ya mkokoteni: ukiusukuma taratibu huku ukiongeza nguvu, unakwenda, ukiurukia kwa pigo moja, unavunja mpini. Risasi nzito ndani ya ganda kubwa inataka baruti inayoungua polepole, iendelee kusukuma mpaka risasi ikaribie kutoka mtutuni. Risasi nyepesi ndani ya ganda dogo inataka inayoungua haraka, la sivyo risasi itatoka na nguvu imebaki nyuma. Kasi ya kuungua hutegemea umbo la punje na dawa zilizopakwa juu yake. Punje yenye tundu katikati, kama kipande cha makaroni, huungua nje ikipungua na ndani ikiongezeka, hivyo msukumo hauporomoki mapema. Ukikosea uchaguzi, bunduki inapasuka usoni. Na baruti isiyo na moshi kutiwa kwenye bunduki iliyotengenezewa nyeusi ni kujichimbia kaburi.

Kulikuwa pia na jua letu. Kordaiti ilipikwa katika baridi ya Uingereza, na ikipata joto hutoa mgandamizo mkubwa zaidi. Risasi iliyotulia vizuri London ikikaa juani saa sita za mchana nyikani inakuwa kitu kingine. Ganda la shaba linatanuka, linang’ang’ania ndani ya chemba, halitoki, na nyati yuko hatua kumi. Hapo ni kasheshe. Mafundi wa London wakajifunza kutengeneza maganda makubwa yenye nafasi, ili mgandamizo ubaki chini hata joto likipanda. .416 Rigby ya mwaka 1911 ni mtoto wa fikra hiyo. Tukisoma kumbukumbu za wawindaji wale tunaambiwa habari za moyo wa simba na macho makavu. Mimi naona pia hesabu ya fundi ambaye pengine hakuwahi kukanyaga Afrika, na mbeba bunduki Mwafrika ambaye mara nyingi hatajwi hata jina la baba yake.

Hata ukubwa wa risasi uliamuliwa kwa hofu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walizuia .450 India na Sudani, wakihofu waasi wangeitumia katika bunduki za zamani za Martini-Henry. Watengenezaji wakakimbilia ukubwa mwingine, ikazaliwa .470. Washikaji wa uwindaji wanaisifu .470 kama mshairi anavyosifu mpenzi wake. Mama yake ni sheria ya kuwabana Wahindi.

Kisha dola ikaanguka, na baruti yake nayo. Kiwanda cha Kynoch cha Birmingham, kilichozilisha bunduki hizo, kiliacha kutengeneza risasi hizo kubwa hadi kufikia mwaka 1970 hivi. Wamarekani walikuwa tayari wameleta .458 Winchester Magnum mwaka 1956. Walitaka nguvu ile ile ya .450 ndani ya ganda la milimita 64 badala ya 83. Baruti ikashindiliwa humo mpaka ikabanwa, na baadhi ya shehena zikagandamana mabonge, zikaungua vibaya, risasi ikatoka imelegea. Mwaka 1959 Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati Msumbiji baada ya kumpiga kwa .458. Mwaka 1971 alitoka na jibu lake: ganda refu zaidi, milimita 71, baruti ipate kupumua.

Wenye bunduki za Kiingereza, walipokosa risasi za dukani, waligeukia kujaza wenyewe nyumbani: ganda lililokwisha tumika, fataki mpya, mizani ndogo na kitabu cha vipimo vilivyopimwa maabara. Marekani jambo hili lilishika kasi baada ya Vita Kuu ya Pili, pale Bruce Hodgdon wa Kansas aliponunua masalia ya baruti ya jeshi na kuyauza kwa bei nafuu. Mojawapo, 4831, ilitengenezwa kwa mizinga ya milimita 20. Ni ya polepole, na ikafaa sana kwa maganda makubwa. Leo baruti yenye jina hilo la Hodgdon inatengenezwa Australia kwa namna ya kutojali sana joto. Lile jua lililowatesa mafundi wa London limepatiwa dawa, na mtu wa Kansas anachagua kati ya makopo kadhaa akiwa mezani kwake. Huku kwetu fundi wa kijijini anayetengeneza gobori bila kibali anavunja sheria, na baruti yake bado ni ile ya sehemu 75, 15 na 10.

Ila ikabaki tatizo moja dogo. Ganda la .470 lilichongwa kwa ajili ya tambi za kordaiti, na baruti ya punje hailijazi. Bunduki ikiinamishwa, baruti inakimbilia mbele, mbali na fataki, na mlio unachelewa. Wajazaji wakatafuta kitu chepesi cha kuiziba nafasi hiyo. Wengine walitumia nyuzi za kiwandani. Wengine walitumia sufi, hii hii ya msufi, ya mito na magodoro ya bibi zetu.