Diski ya harusi ikikataa kucheza

Wasikilizaji wetu, ziko familia zilizokimbia Masisi na Rutshuru zikiwa na diski moja tu ya harusi ama ya matanga, katikati ya nguo. Leo mashine inaizungusha, inaandika kwamba hakuna diski. Msiitupe.

VCD ilitoka mwaka 1993. Diski moja ilibeba karibu dakika 74, ndiyo maana harusi moja ilijaza mbili ama tatu. DVD ikafuata mwaka 1996, huko Japani. Diski ya kiwandani inapigwa chapa, vishimo vyake vinabaki. Ile ya mpiga picha wa mtaani ni kitu kingine: leza inachoma rangi iliyopakwa ndani, na rangi hiyo inaogopa jua. Tena mashine nyingi za kwanza za DVD zilitumia mwanga mwekundu, ambao rangi ya CD iliyochomwa haikuurudisha vizuri. Kwa hiyo mashine ilikataa diski isiyo na kosa lolote!

Jaribuni mashine nyingine, hasa kompyuta. DVD ambayo haikufungwa baada ya kurekodiwa, mara nyingi inasomwa na mashine iliyoirekodi tu. Futeni vumbi toka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha mkono. Na kwenye CD, upande wa maandishi ndio dhaifu, si ule tunaouchunga. Picha ziko chini yake kabisa. Ikisoma hata mara moja, nakilini siku hiyohiyo kwenye flashi mbili, moja akae nayo ndugu wa mji mwingine.