Michezo Yenye Kusudi: Habari za Shule ya Aberdovey

Wazee wetu wengi huona mchezo kuwa shughuli ya mtu asiye na shughuli. Mtoto akishika mpira huitwa akateke maji, na kijana akipanda mlima pasipo kumtafuta mbuzi aliyepotea, watu huuliza kama akili zake ni timamu. Hatuwalaumu, kwa maana michezo mingi haina kusudi ila kusubiri jua lichwe. Lakini iko habari moja ya Vita Kuu vya pili ambayo twaona yafaa isomwe na kila mlezi wa vijana, kwa kuwa ndani yake mchezo ulipewa kazi maalum, nayo ilikuwa kuwazuia vijana wasife.

Katika miaka ile chakula kingi cha Waingereza kililetwa na merikebu kupitia bahari ya Atlantiki. Manowari za Kijerumani ziendazo chini ya maji zilizivizia merikebu hizo na kuzizamisha. Mabaharia waliopona walishuka katika mashua ndogo, wakakaa humo siku nyingi kwa baridi na kiu. Huko Liverpool alikuwako Lawrence Holt, mmoja wa wakuu wa kampuni ya merikebu iliyojulikana kwa jina la Blue Funnel, kwa sababu ya dohani zake za buluu. Holt aliona jambo lililomhuzunisha sana. Aliamini kwamba katika mashua zile vijana wenye miili imara walikata tamaa na kufa, hali mabaharia wa makamo, waliolelewa katika merikebu za matanga, waliishi. Basi akasema moyoni kwamba kilichopungua si nguvu wala maji ya kunywa tu. Kijana yule hajapata kufika ukomo wa nguvu zake, akatambua kwamba ng'ambo ya ukomo huo ziko nguvu nyingine.

Wala si kwamba ujana wenyewe ni udhaifu. Poon Lim, Mchina mwenye miaka 24, merikebu yake ilipozamishwa mwezi wa Novemba 1942, alielea peke yake juu ya chelezo kwa siku 133, akinywa maji ya mvua na kuvua samaki, hata wavuvi wa Brazil wakamwokoa. Lakini ni wangapi walio kama yeye? Holt hakutaka kungoja wazaliwe, alitaka wafundishwe.

Aliyemsaidia alikuwa mwalimu, Kurt Hahn, Myahudi wa Ujerumani, aliyezaliwa Berlin mwaka 1886. Alipokuwa kijana alipigwa na jua vibaya, na tangu hapo hakuweza kulivumilia jua kali maisha yake yote. Kwa hiyo tusidhani kwamba aliyefundisha ushupavu alikuwa jitu la miraba minne. Mwaka 1920 alianzisha shule huko Salem. Mwaka 1932 wafuasi wa Hitler walimpiga mtu mpaka akafa, naye Hitler akawatetea wauaji. Hapo Hahn aliwaandikia wanafunzi wake wa zamani kwamba wachague, ama Salem ama Hitler. Mwaka uliofuata alifungwa. Rafiki zake Waingereza walimwombea, akafunguliwa, akaenda Uingereza, na mwaka 1934 akafungua shule ya Gordonstoun katika Scotland.

Huko alianza desturi moja ambayo kwetu sisi ndiyo kiini cha habari hii. Alitoa nishani kwa mvulana aliyetimiza vipimo vilivyowekwa vya kukimbia, kuruka na kusafiri porini. Hakumpa aliyewashinda wenziwe. Kila mmoja alishindana na nafsi yake ya jana, hata mnene na mwoga waliweza kuipata. Walimu wengi hata leo huwashangilia wale wawili wenye mbio, na arobaini waliobaki husimama kando ya uwanja wakitazama.

Mwezi wa Oktoba 1941 Hahn na Holt wakafungua shule ya bahari huko Aberdovey, katika Wales, wakaiita Outward Bound, neno la mabaharia kwa chombo kinachotoka bandarini kuelekea bahari kuu. Mafunzo yalikuwa ya muda usiofika mwezi mzima. Walikuja vijana wa kazi ya bahari, lakini pia wanagenzi wa viwandani, vijana wa polisi na wanafunzi, tajiri na maskini pamoja. Walisafiri kwa matanga, walivuka milima kwa miguu, walijifunza kuokoa watu, na katika siku hizo waliacha tumbako na pombe. Holt alisisitiza kwamba bahari si somo bali ni chombo cha kufundishia: hata atakayerudi kiwandani ataondoka na faida ile ile. Naye Hahn alishikilia kwamba ushupavu usio na huruma ni hatari, jambo alilokuwa ameliona kwao kwa macho yake. Kwa hiyo kazi ya kuokoa aliiweka juu ya mchezo wowote.

Vita vilikwisha, shule haikufungwa. Katika miaka ya 1950 mbegu yake ilifika kwetu, Loitokitok, upande wa Kenya chini ya Kilimanjaro, ambako vijana walifundishwa kisha wakaupanda mlima ule. Wasomaji wanaojua baridi ya kule juu hawahitaji maelezo yetu. Mwaka 1956 vipimo vya Gordonstoun vilizaa huko Uingereza nishani ya Mtawala wa Edinburgh, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Hahn.

Je, mafunzo haya huzaa matunda, au ni sifa tu? Mwaka 1997 John Hattie na wenziwe walikusanya chunguzi 96 za mafunzo ya namna hii. Waliona kwamba vijana walizidi kujitawala na kujiamini, na jambo lililo adimu katika elimu ni kwamba faida haikufifia baada ya kurudi nyumbani, bali iliendelea kukua. Lakini waliona pia tofauti kubwa kati ya mafunzo na mafunzo, na yaliyozidi siku 20 yalifaa kuliko yale ya siku chache.