Kalenda ya motokari na kalenda ya shamba: safari ya Citroën, 1924–1925



Kila likizo ikikaribia, kati yetu inarudi ile hadithi: tuchange pesa, tupate jeep moja, tutoke Bukavu mpaka Cape Town. Tunaongea viza, karte ya njano, bei ya esansi, na kwamba ukivuka tu Uganda unaanza kutembea mkono wa kushoto. Ni vizuri. Lakini mbele ya kupanga safari ya inchi mingi, tuangalie kwanza wenye walitutangulia. Mimi nilisoma agronomia. Njo maana nilipoanza kusoma juu ya safari hizo za zamani, jicho langu halikwenda sana kwa motokari. Lilikwenda kwa mvua na kwa mashamba.

Tarehe 28 Oktoba 1924, motokari 8 za Citroën zilitoka Colomb-Béchar, kusini ya Algeria. Wakubwa wa safari walikuwa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Nyuma, zile motokari hazikuwa na magurudumu ya kawaida. Zilitembea kwa mikanda ya mpira, kazi ya fundi Adolphe Kégresse, mwenye alikuwa ametumikia zamani gereji ya mfalme wa Urusi. Haardt na mwenzake walikuwa wamekwisha kujaribu mikanda hiyo: kati ya Desemba 1922 na Januari 1923 walivuka Sahara kutoka Touggourt mpaka Timbuktu. Sasa walitaka kukata Afrika yote. Rais wa Ufaransa, Gaston Doumergue, aliomba wafike mpaka Madagascar. Naye André Citroën alitaka kuuza motokari. Tusisahau hilo: ilikuwa safari ya utafiti, lakini pia ilikuwa matangazo ya biashara.

Walipangaje? Kitu cha kwanza ni akiba. Esansi, mafuta ya mashini, vipuri na chakula vilitangulizwa njiani mbele ya motokari zenyewe kufika. Nani angebeba esansi ya kutosha kwa bara zima?

Kitu cha pili ni msimu. Fuata tarehe na kidole kwenye karte. Sahara wanaipita wakati joto limepungua. Mwanzoni mwa 1925 wanaingia Kongo ya Wabelgiji, wanapita Buta, Stanleyville (Kisangani ya leo) na Niangara. Kule Uele, kaskazini ya ikweta, Desemba mpaka Februari ni kiangazi. Aprili wanafika Kampala, na pale wanagawanyika makundi 4, kila kundi motokari 2: moja linaelekea Mombasa, la pili Dar es Salaam, la tatu Msumbiji, la nne Cape Town. Wenye kushuka kusini ya ikweta wanakuta mvua inaisha na kiangazi cha Mei kinaanza. Mwezi wa Juni 1925 wengi wao wanakutana Antananarivo. Ukiangalia vizuri, walitembea wakifuata ukavu, kutoka kiangazi kimoja mpaka kingine.

Mwaka ule ule, Chaplin Court Treatt na mke wake Stella walitoka Cape Town kuelekea Cairo na malori mawili ya Crossley. Walianza mwezi wa Septemba 1924. Muulize mkulima yeyote wa Zambia ama Zimbabwe: ukitoka Cape mwezi wa Septemba, utafika kwao saa mvua inaanza. Ndivyo ilikuwa. Walikwama miezi mingi katika matope ya Rhodesia, na Cairo waliiona Januari 1926, miezi 16 nyuma ya kuondoka. Walikuwa watu hodari, lakini mvua haimwogopi hodari.

Mpaka hapa ni somo zuri la kupanga safari. Lakini kuna kitu cha tatu, na hicho njo kinanifanya niandike.

Motokari haipiti fasi hakuna barabara. Kule Uele, mizigo ilikuwa imebebwa muda mrefu kichwani. Barabara zilifunguliwa na mikono ya watu wa vijiji: utawala unaamuru, chefu anatoa watu, watu wanakata miti, wanajaza mashimo, wanatengeneza madaraja ya magogo. Wazee wanaita ile kazi "ya Bulamatari". Hakuna aliyeuliza kama unataka.

Sasa tuweke kalenda mbili pembeni moja na nyingine. Kiangazi ni wakati mzuri kwa motokari, sivyo? Lakini kwa mkulima wa Uele, kiangazi njo wakati wa kukata shamba jipya, kuacha majani yakauke na kuyachoma mbele mvua ya Machi haijarudi. Ukikosa wiki zile, unapanda kwa kuchelewa, na mwisho njaa inaingia nyumbani. Tena tangu 1917 kulikuwa na sheria ya mazao ya lazima, mpaka siku 60 kwa mwaka, na Uele ilikuwa kati ya fasi za kwanza kulimishwa pamba. Pamba hiyo inavunwa saa gani? Kiangazi kile kile. Basi mtu mmoja, mikono miwili, miezi ile ile: shamba lake, pamba ya kampuni, na barabara ya Bulamatari. Nani alibaki kukata shamba? Mara nyingi mama na watoto.

Wengine watasema: lakini barabara zilibaki. Ni kweli, na siwezi kuzidharau, kwani najua mahindi yanavyooza kijijini saa lori haliwezi kufika. Lakini barabara iliyotengenezwa kwa kulazimisha, mwenyeji hawezi kuiona kama yake. Saa anayelazimisha anaondoka, majani yanarudi. Leo, kwa vipande vingi vya njia zile za Uele, saa ya mvua pikipiki na baiskeli tu njo vinajaribu kupita.

Na majina? Majina ya motokari tunayajua: Scarabée d'Or, Croissant d'Argent. Mwanamke mmoja wa Kimangbetu, Nobosodru, tunamjua kwa sababu picha ya kichwa chake ilizunguka Ulaya, na filamu ya Léon Poirier ya 1926 ilimfanya ajulikane zaidi. Lakini wenye walikata miti? Hawakuandikwa.

Basi, wasomi wenzangu, siwaambii muache safari. Mimi mwenyewe, nafasi ikipatikana, napanda. Lakini kwenye daftari ya mipango, juu ya viza na esansi, tuongeze mistari miwili. Wa kwanza: kila jimbo tutakalopita, mvua inaanza mwezi gani, na wakulima wako wanafanya nini mwezi ule? Wa pili: barabara hii inatengenezwa na nani, na analipwa ngapi? Tukikuta kijana na jembe anajaza shimo njiani, tusimame, tumuulize jina na tuliandike.

Na mbele ya hapo, kila mumoja amuulize muzee wa kwao: barabara ya kijiji chetu, nani aliikata? Leteni majibu hapa. Tusikawie, kwani wenye kukumbuka wanaendelea kwisha.