Kiti cha Mjomba

Wageni wanaofika Mtwara hushangaa wakiambiwa kwamba huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Wamakonde, Wamakua na Wayao wamefuata utaratibu huo tangu kale, na ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, mambo ni yale yale. Kwa sababu hiyo wapo wenzangu wanaosema kwamba suala la wanawake kunyimwa madaraka ni la watu wa bara; sisi wa Kusini halituhusu. Mimi naona linatuhusu sana.

Ni kweli urithi ulipitia kwa mama. Lakini tuulize, kiti chenyewe alikikalia nani? Mkulungwa wa Kimakonde alipofariki, aliyefuata alikuwa ndugu yake wa tumbo moja au mtoto wa dada yake. Mwanamke alikuwa njia. Aliyekaa ni mjomba, na baada yake mpwa. Wamakua walisogea mbele kidogo. Kando ya mwene alikuwapo apwiyamwene, mwanamke mkubwa wa ukoo, aliyeshauriwa katika kumchagua mtawala na kushika matambiko. Heshima yake ilikuwa kubwa, ila aliyeitwa mtawala ni mwene. Wakoloni nao wakakiongezea kiti cha mwanamume mshahara: Wajerumani kwa maakida na majumbe, Waingereza kwa maliwali.

Uhuru ulikuja kwa jasho la wanawake pia. Bibi Titi Mohamed aliongoza wanawake wa TANU tangu 1955, akazunguka nchi akihutubia. Baada ya Uhuru alipewa unaibu waziri, na mwaka 1965 akapoteza kiti chake cha ubunge. Ilichukua miaka 14 tangu 1961 mpaka nchi kupata mawaziri kamili wanawake: Tabitha Siwale na Julie Manning, mwaka 1975.

Tangu hapo hesabu imekuwa ya "mwanamke wa kwanza". Mwaka 2006 Zakia Meghji alipewa Fedha na Asha-Rose Migiro Mambo ya Nje. Mwaka 2010 Anne Makinda akawa Spika. Mwaka 2021 Stergomena Tax akapewa Ulinzi. Ni hatua za kufurahia, lakini zinaonyesha pia ni wizara zipi zilidhaniwa kuwa za wanaume tu kwa zaidi ya miaka 40.

Hapana budi pia kutenganisha kupewa na kuchaguliwa. Viti maalum vya wanawake Bungeni vilikuwa 15 mwaka 1985. Kufikia 2005 sheria ilitaka visipungue asilimia 30. Lakini katika uchaguzi wa 2015, majimbo 264 hayakutoa wabunge wanawake hata 30. Anayepewa na mkubwa anaweza kunyang'anywa na mkubwa huyo huyo, naye anajua. Ndiyo maana mara nyingi hunyamaza palipohitaji neno.

Kwa hiyo kwetu Mtwara mfano ninaouthamini zaidi ni wa Hawa Ghasia. Alikuwa waziri, kwanza wa Utumishi na baadaye wa TAMISEMI, lakini kabla ya hapo wananchi wa Mtwara Vijijini walikuwa wamempigia kura mwaka 2005, wakarudia 2010 na 2015. Wapiga kura hao ni wavuvi na wakulima wa korosho, ambao wengi wao hawajasoma hata hoja moja ya usawa wa jinsia.

Vikwazo vingi viko chini, mbali na Ikulu. Katika miaka yangu ya ualimu, mwanamke alipotajwa kufaa ukuu wa shule, swali la kwanza lilikuwa: mume wake atakubali ahamishwe? Sikusikia hata siku moja mwanamume akiulizwa kama mkewe atakubali. Mwalimu aliyekosa ukuu wa shule hakufika kwenye ukaguzi, na asiyefika huko hawezi kuonekana na wanaoteua wakurugenzi na makatibu wakuu. Ngazi hukatwa kwenye vidato vya chini, kisha tunauliza mbona juu hakuna mtu.

Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais, kwa sababu Katiba inamkabidhi Makamu nafasi hiyo Rais anapofariki. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika wapinzani wakuu wakiwa nje ya karatasi ya kura. Maandamano yalizuka na watu wakauawa. Vijiweni nimewasikia watu wazima wakisema: mmeona mwanamke akipewa nchi? Anayedai majibu kuhusu waliokufa anadai haki, naye ajibiwe. Lakini Januari 2001 waandamanaji waliuawa Pemba na Unguja, Rais akiwa mwanamume, tena mwana wa Masasi. Hakuna aliyesema wanaume hawafai kutawala. Tulidai majibu kwa serikali, kama ilivyopasa.

Usawa ninaoutaka ndio huo: mwanamke apandishwe kwa kazi yake, aulizwe kwa kazi yake, na akikosea, lawama iwe yake mwenyewe, isipelekwe kwa binti anayesoma leo darasa la saba Msimbati au Mikindani.