Ushungi na Hiari: Habari za Nguo ya Kichwa toka Pwani hata Nyanda za Juu za Kusini

Neno halisafiri peke yake. Huchukuliwa na watu pamoja na vitu vyao na desturi zao. Ndiyo sababu twaona vema kuchungua majina ya nguo ambayo wanawake wa Kiislamu hujifunika kichwani, na jinsi yalivyopanda toka pwani hata Iringa na Mbeya. Tena liko swali ambalo watu wa siku hizi hupenda kuuliza: Je, mwanamke ajifunika kwa hiari yake, au kwa kuamriwa? Wengi hudhani swali hili ni jipya. Si jipya. Babu zetu walilijua, walakini kwao lilikuwa limegeuka: waliopigania hiari walikuwa wakiitafuta ruhusa ya kujifunika.

Kwanza tutazame maneno yenyewe. Ushungi umetokana na shungi, yaani kishada cha manyoya kichwani mwa ndege, au nywele zilizokusanywa juu. Basi kujitanda ushungi ni kuipitisha nguo juu ya kichwa na kuiacha ianguke mabegani. Mtandio watokana na kutanda. Dusumali ni kitambaa cha kichwa, mara nyingi cha hariri, na jina lake lina asili ya Kiajemi. Leso ni neno la Wareno. Buibui ni jina la mdudu afumaye utando, likapewa vazi jeusi la kufunika mwili wote. Hijabu ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni pazia au kizuizi. Wazee wetu walisema zaidi stara na ushungi, na neno hijabu kwa maana ya kitambaa cha kichwa limeenea sana katika miaka ya karibu tu.

Katika karne ya 19, nguo ya kichwa pwani ilikuwa alama ya cheo kabla ya kuwa alama ya dini. Mabibi wa Kiarabu wa Unguja walivaa barakoa usoni. Sayyida Salme, binti Sayyid Said, ameeleza desturi hizo katika kitabu chake kilichopigwa chapa Berlin mwaka 1886. Lamu na Mombasa mabibi wa ukoo walitembea ndani ya shiraa, hema ndogo ya kitambaa iliyoshikwa na watumwa wao. Mjakazi yule aliyeishika shiraa hakuwa na ruhusa ya kujifunika kama bibi yake. Mavazi yake yalikuwa merikani au kaniki, na pengine ukaya kichwani, ili kila amwonaye njiani ajue kwamba yu mali ya mtu. Naye alikuwa Mwislamu kama bibi yake, akisali kibla kile kile. Basi yaonekana wazi kwamba stara iliyosemwa kuwa ni ya wanawake wote waumini haikutolewa kwa wote.

Mwaka 1897 utumwa ulifutwa Unguja kwa amri ya Sultani, na masuria wakafikiwa na sheria mwaka 1909. Ndipo mambo yalipobadilika barabarani. Wanawake waliokuwa wajakazi waliiacha kaniki, wakanunua kanga za rangi, doti moja vipande viwili, kimoja kiunoni na cha pili kichwani. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 lilikuja buibui, nalo likaenea upesi, kwani chini ya vazi lile jeusi binti wa mwungwana na binti wa mtumwa walifanana. Mwanamke aliyelivaa hakuwa akitii amri ya bwana. Alikuwa akisema kwa nguo yake, Mimi si wa mtu. Kuna mithali isemayo, Hiari yashinda utumwa. Twaona mithali hii haikuelezwa vizuri mahali po pote kuliko kichwani mwa wanawake hawa.

Sasa tupande bara. Nguo za pwani zilifika Uhehe na Usangu pamoja na misafara ya pembe, kabla ya kuja Wazungu. Wajerumani walipojenga boma la Iringa mwaka 1896, na baada ya kufa kwake Mkwawa mwaka 1898, mji ule ulikusanya askari, wachuuzi, wapagazi na wake zao. Hao ndio walioleta namna ya kujitanda ya pwani katika nchi ambayo watu wake hujulikana kwa mgolole. Kwa Wanyakyusa, kusini ya Mbeya, wanawake walikuwa wakivaa magome ya miti, na nguo za dukani zilikuja baadaye. Utumwa katika Tanganyika ulifutwa kwa sheria mwaka 1922. Mji wa Mbeya wenyewe ulikua katika miaka ya 1920 na 1930, dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu wa makabila mengi.

Katika nyanda hizi mambo hayakuwa kama pwani. Hapa hapakuwa na mabibi wa shiraa wala barakoa. Waislamu walikuwa wachache kati ya majirani Wakristo na wafuasi wa mila, na mara nyingi mwanamke aliingia Uislamu kwa kuolewa. Ushungi ukaja pamoja na jina jipya na nyumba mpya. Tena kanga haikukaa kwa Waislamu tu. Mke wa Mlutheri na mke wa Mmoravian hujifunga kitambaa aendapo kanisani, hujitanda kanga msibani, na mwezi wa Juni, baridi inapouma, kila mtu hutafuta cha kufunika kichwa. Kwa hiyo mgeni akitazama soko la Iringa asiamue dini ya watu kwa kanga zao.

Yafaa kukumbuka pia kwamba si dini peke yake iliyotaka kuwaamulia wanawake mavazi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na tangu Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vilipigwa marufuku. Wakubwa wa mambo hayo walisema habari za heshima ya taifa, kama wengine wasemavyo habari za heshima ya dini. Katika yote mawili aliyepimwa ni mwanamke.

Siku hizi katika shule za serikali za Tanzania wasichana wa Kiislamu huonekana na hijabu pamoja na sare. Nchini Kenya shauri la shule moja ya Isiolo iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti lilifika mahakamani: mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa wasichana ruhusa, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile. Ufaransa ilikataza vitambaa hivyo katika shule za serikali mwaka 2004. Nchini Irani sheria ya miaka ya 1980 iliwalazimisha wanawake wote kujifunika, na Septemba 2022 Mahsa Amini alifariki baada ya kukamatwa kwa ajili ya mavazi yake, hata watu wengi wakatoka barabarani. Serikali moja yavua, nyingine yavika, na mwenye kichwa haulizwi.

Wako wasemao kwamba amri ya Mungu si jambo la hiari, wakitaja Sura ya Nur na Sura ya Ahzab. Nao wanayo haki ya kuamini hivyo na kuwafundisha binti zao. Lakini Kurani hiyo hiyo yakataza kulazimishana katika dini, na Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa imani. Utii usio na hiari hauna thawabu. Nao uhuru umkatazao mtu kutii imani yake si uhuru. Aliyevua kwa kuogopa kuchekwa na aliyevaa kwa kuogopa kupigwa wote wawili wamo katika kaniki ya zamani.

Basi twawasihi wasomaji wetu wa Mbeya, Iringa na kwingineko, mnapomwona mwanamke amejitanda, msifanye haraka kumhurumia wala kumsifu. Bibi zake huenda walikatazwa nguo ile, wakaipata kwa shida. Na mnapomwona mwingine kichwa wazi, msimhukumu. Kila mmoja aulizwe mwenyewe, kwa adabu, na jibu lake lipokewe.